Mafuta ya Kufuli Anunue Mwenye Mlango

Asubuhi moja ya kiangazi kilichopita, kwenye bohari moja ya mahindi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ufunguo ulivunjikia ndani ya kufuli. Lori lilikuwa limekwisha fika, wapakuaji wamekaa kivulini wakingoja, na karani amesimama na daftari lake mkononi. Mlinzi wa zamu, mwenzetu wa miaka mingi, aliuzungusha ufunguo kama alivyokuwa akiuzungusha kila siku, yaani kwa mikono miwili na kwa kumwomba Mungu, na safari hii kipande kimoja kikabaki mkononi na kingine kikabaki ndani. Ilibidi utafutwe msumeno wa chuma. Kazi iliyokuwa ianze saa mbili ikaanza saa tano. Mwisho wa mwezi mlinzi akakuta mshahara wake umepungua: bei ya kufuli jipya, na juu yake kitu kilichoandikwa kwenye karatasi kwamba ni gharama za ucheleweshaji.

Hatutaji bohari hiyo ni ya nani, maana shauri lenyewe bado linazungumzwa. Tunachotaka kukisema hapa kinawahusu wengi. Walinzi wa usiku, watunza bohari, wasimamizi wa mabweni, akina mama wanaofagia ofisi na kushika funguo zake, wenye zamu kwenye makontena ya dawa, kila mmoja wetu ana kufuli ambalo anaijua tabia yake kama anavyoijua tabia ya ng'ombe mkorofi. Liko lile linalotaka kubonyezwa kwanza ndipo ligeuke. Liko lile linalofunguka likigongwa na jiwe. Liko lile ambalo asubuhi ya mvua halifunguki kabisa mpaka jua lipande. Tumeizoea hali hii mpaka tunaicheka, lakini likija swali la nani alipe, kicheko kinakatika.

Msimamo wetu ni huu. Kufuli la kazini ni chombo cha kazi, na mafuta yake ni gharama ya kazi, kwa hiyo anunue mwenye mlango. Tena anunue mafuta yanayofaa, baada ya kumsikiliza yule anayelifungua kila siku. Tumekwisha ona bwana mmoja akinunua mkebe wa spreyi wa bei kubwa, akaugawa kwa majigambo kwenye mageti yote, na baada ya msimu mmoja makufuli yake yakawa mazito kuliko ya jirani yake ambaye hakununua kitu.

Ilikuwaje? Yafaa tuanze na vumbi. Mji wa Mbarara, ambao tangu tarehe 1 Julai 2020 unaitwa jiji, una lami katika barabara zake kubwa. Lakini ukiiacha lami ukaingia njia za ndani, na hasa ukishuka wilaya ya Isingiro hadi Nakivale, kule Juru na Rubondo, unakutana na udongo mwekundu ambao tangu Juni hadi Agosti unapeperuka kama unga wa posho kinuni. Kila lori linalopita linaumwaga juu ya milango. Kisha Septemba mvua huanza, na udongo uleule uliolala ndani ya tundu la ufunguo unalowa na kuwa tope. Kufuli la nje katika nchi yetu linapigwa na maadui wawili kwa zamu, vumbi na maji, na dawa ya mmoja mara nyingi ndiyo chakula cha mwingine.

Sasa tuliangalie kufuli lenyewe kwa ndani. Makufuli mengi tunayoyashika, yale yenye ufunguo wa meno upande mmoja, yanafuata kazi ya Mmarekani Linus Yale Mdogo, aliyepata hataza ya kitasa chake mwaka 1861. Ndani yake mna silinda, na ndani ya silinda mna vijipini vidogo, aghalabu vitano, kila kimoja kikisukumwa na springi nyembamba kama unywele mgumu. Ufunguo ukiingia, meno yake huviinua vijipini hivyo, kila kimoja kwa kiasi chake, mpaka vyote vinapangika kwenye mstari mmoja na silinda inakubali kuzunguka. Kijipini kimoja tu kikikwama kwa sababu ya punje ya mchanga, mlango haufunguki. Nafasi kati ya kijipini na tundu lake ni ndogo mno. Hapo ndipo tunapomimina oili chafu ya gari.

Ndiyo, wenzetu, twajua inatoka wapi. Inatoka gereji, ni ya bure, na kwa siku tatu kufuli linakuwa laini kama siagi. Lakini oili ya injini ni nzito na inanata. Ile iliyokwisha tumika imebeba masizi na unga wa chuma tangu ilipotoka kwenye gari. Ikiingia kwenye kufuli inayakaribisha mavumbi yote yanayopita njiani, ikayashika, ikayakanda. Mafuta ya kupikia ni mabaya vilevile kwa njia nyingine, kwani yakikaa hewani siku nyingi hugeuka utomvu, kama mwanamke yeyote aliyesugua chupa ya zamani ya mafuta anavyojua. Grisi inafaa bawaba nzito za geti na nondo za kufungia kontena, lakini ndani ya tundu la ufunguo isiingie. Mafuta ya cherehani ni afadhali kuliko hayo yote, kwa sababu ni mepesi, na mlinzi ambaye hana kingine akitia matone mawili mara kwa mara hatumlaumu. Hata hivyo nayo ni mafuta, na vumbi linayapenda.

Tuje kwenye mikebe ya spreyi, maana ndiyo iliyotuletea mzozo. Watu wetu wengi huiita yote kwa jina moja, WD-40, hata kama mkebe umeandikwa jina jingine kabisa. Si vibaya kujua asili ya jina hilo. Mwaka 1953, mjini San Diego, Marekani, kampuni ndogo iliyoitwa Rocket Chemical ilikuwa ikitafuta kitu cha kufukuza maji kwenye chuma ili kisishike kutu, na kazi yake ya kwanza iliyojulikana ilikuwa kuilinda ngozi ya kombora la Atlas. Herufi zile mbili zinasimama kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na ile 40 inaeleza kwamba jaribio la arobaini ndilo lililofaulu. Basi kitu hiki kilizaliwa kwa ajili ya kufukuza maji. Kina mafuta mepesi yanayopenya haraka na kuruka hewani, yakiacha nyuma utando mwembamba wa mafuta mengine. Kwa kufuli lililokamatwa na kutu, au lililonyeshewa usiku kucha, ni msaada mkubwa sana. Linafunguka, maji yanatoka, uchafu unalegea. Lakini ule utando unaobaki ni mwembamba, haudumu katika jua letu, na wakati ungalipo unashika vumbi. Kwa hiyo mtu anapuliza tena, na tena, kila mara akiongeza utando juu ya tope. Hivyo ndivyo makufuli ya yule bwana yalivyokufa. Mkebe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuifanya dawa ya kuamsha iwe chakula cha kila siku.

Aina nyingine ni spreyi ya silikoni. Hii inateleza sana, haigandi, na haiudhuru mpira, ndiyo maana mafundi wa magari huipaka kwenye mipira ya milango. Kwenye kitasa cha mlango wa ofisi, ndani ya nyumba, inafanya kazi vizuri. Nje kwenye vumbi zito hatuipi nafasi ya kwanza, ingawa tunaiweka mbele ya mafuta ya kawaida.

Aina tunayoipendelea kwa makufuli ya nje ni ile spreyi kavu yenye PTFE. Hiki ni kitu kilekile kinachopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, na watu wanakijua zaidi kwa jina la biashara la Teflon. Kiligunduliwa mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett katika maabara ya DuPont huko Marekani. Spreyi hiyo hutoka ikiwa majimaji, ikapenya hadi kwenye vijipini, kisha majimaji yanaruka na kubakiza unga mweupe mwembamba usionata. Vumbi likija halina cha kushika. Mvua nayo haiuondoi upesi. Ubaya wake ni kwamba bei yake iko juu, na katika maduka yetu haipatikani kila mahali, na mara nyingine muuzaji mwenyewe hajui anachouza. Tulimwuliza mmoja mjini kama ana spreyi kavu akatujibu, kwa adabu zote, kwamba spreyi ikikauka huwa imekwisha.

Kwa sababu hiyo tunawapa wenzetu jaribio rahisi ambalo hata karani wa manunuzi anaweza kulifanya. Chukua kipande cha kioo kilichovunjika dirishani, kioshe, kikaushe, upulize juu yake kidogo kutoka kila mkebe unaofikiriwa kununuliwa, kila mmoja mahali pake. Kiache kioo hadi kesho yake ndani ya nyumba. Asubuhi kiguse kwa kidole. Palipobaki majimaji ya mafuta utapajua, palipobaki unga mkavu utapajua pia. Kisha nyunyiza vumbi la barabarani juu ya kioo chote, kigeuze, ukigonge mara mbili. Mahali vumbi lilipobaki limeganda, jua kwamba ndivyo litakavyobaki ndani ya kufuli. Sisi tulilifanya jaribio hili mezani kwetu, na mikebe miwili yenye picha nzuri kuliko yote ndiyo iliyokamata vumbi zaidi. Jaribio hilo pia linasaidia dhidi ya mikebe ya bandia, ambayo jina lake ni la kampuni kubwa na ndani yake kuna kitu kinachonuka kama mafuta ya taa.

Kuna wanaouliza habari za penseli. Ni kweli, na si uganga. Ile nyeusi ya katikati ya penseli imetengenezwa kwa grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti inateleza bila kuhitaji mafuta. Ukiusugua ufunguo pande zote kwa penseli laini, ukauingiza na kuutoa mara kadhaa, kitasa cha mlango wa ndani kitakushukuru. Mafundi wa kufuli hawakubaliani juu yake: wengine wanaisifu, wengine wanasema kwenye unyevu huganda na kuziba. Sisi tumeona yote mawili, kutegemea mlango. Ndani ya nyumba, kavu, sawa. Kwenye geti linalonyeshewa, hapana. Jambo moja wote wanakubaliana, kwamba grafiti isiwekwe mahali palipo na mafuta, kwani viwili hivyo vikichanganyika vinafanya uji mweusi mzito, na kufuli hilo litahitaji kuoshwa lote.

Kuoshwa ndiko kunakosahauliwa. Kufuli ambalo kwa miaka miwili limekula oili chafu halitapona kwa kuongezewa spreyi kavu juu yake. Kwanza lifungue na ulitoe mlangoni. Lielekeze tundu chini. Lipulize kwa ile spreyi ya kupenya, kwa mrija wake mwembamba ndani ya tundu, mpaka majimaji yanayotoka yageuke kutoka rangi ya kahawa hadi kuwa safi. Ingiza ufunguo, uutoe, uupanguse kwa kitambaa, urudie. Usiuzungushe kwa nguvu, wala usiuongezee urefu kwa koleo, hivyo ndivyo funguo zinavyovunjika. Lining'inize kufuli likauke kabisa, hata kama ni kutwa nzima. Ndipo upulize ile kavu, kidogo tu, ndani ya tundu na kwenye matundu mawili yanayoingia upinde wa chuma. Upinde wenyewe usisahaulike, kwani makufuli mengi yanayosemekana yamekufa silinda, kumbe silinda ni nzima na kutu iko kwenye mguu wa upinde. Wakati kufuli linakauka mlango utahitaji kufuli la akiba, nalo pia si la mlinzi kulinunua.

Mikebe hii ina hatari zake, na hapo tunasema na vijana hasa. Gesi inayoisukuma spreyi katika mikebe mingi ni ya kuwaka. Usipulize karibu na sigiri wala na sigara mdomoni. Usiuache mkebe kwenye dirisha la mbele la gari wala juu ya bati la kibanda cha mlinzi, kwa sababu mikebe hiyo haitakiwi kupata joto la zaidi ya nyuzi 50, na bati la Julai saa nane mchana halina huruma. Mkebe uliokwisha usitupwe kwenye shimo la takataka linalochomwa moto, hasa makazini ambako watoto huzunguka mashimo hayo wakitafuta vitu vya kuchezea. Pulizia mahali penye upepo, na uso wako uwe kando.

Kabla hatujaacha habari za kununua, neno juu ya kufuli lenyewe. Hakuna spreyi itakayoliokoa kufuli la uongo. Sokoni kuna makufuli ya chuma cha bei nafuu yaliyopakwa rangi ya dhahabu ili yafanane na ya shaba. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, uiguse kwenye mwili wa kufuli, si kwenye upinde, maana upinde ni wa chuma katika makufuli yote hayo. Sumaku ikishika mwilini, hiyo si shaba. Litashika kutu kwa ndani katika mvua za kwanza, na mlinzi ataambiwa hakulitunza.

Mwajiri mmoja alitujibu kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba chama cha wafanyakazi kingejishughulisha na mishahara. Tunakubali kwamba mishahara ni mibaya. Kima cha chini kinachotajwa katika nchi hii hadi leo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984, na muswada wa kukibadili uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa sahihi na Rais. Mkebe mmoja wa spreyi nzuri unakipita kiwango hicho. Sasa mtu huyohuyo anayelipwa kidogo ndiye aambiwe anunue mafuta ya mlango wa tajiri? Kwake yeye jambo hili si dogo.

Wala si dogo kwa maisha ya watu. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Vyama vya wafanyakazi duniani vinaikumbuka siku hiyo hadi sasa. Karibu na sisi, Machi 2001, wavulana 67 walikufa kwenye bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Moto huo ulikuwa wa kutiwa, na hatusemi kwamba spreyi ingeuzima. Tunasema kwamba mlango wa watu waliolala haufai kufungwa kwa kufuli nje, na kwamba mahali ambapo kitasa kipo, kigeuke kwa mkono mmoja wa mtoto aliyeshtuka gizani. Msimamizi wa bweni ambaye anatumia dakika tano kubembeleza kitasa kila alfajiri amekwisha pewa onyo. Ni wajibu wake kuliandika, na ni wajibu wa mkuu wake kulisoma.

Sheria haiko mbali na sisi katika hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama, pamoja na njia za kuingilia na za kutokea. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inataja makato ambayo mwajiri ameruhusiwa kuyafanya kwenye mshahara, na kwa hiyo mwajiri akikata kitu atuonyeshe amekikata kwa kifungu kipi. Hatuoni wapi ufunguo uliovunjika kwa kutu unaingia. Na kwa wenzetu wa Nakivale, mahali ambapo wakimbizi wamekuwa wakipokewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza kutoka Rwanda na baadaye kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, tunaongeza hili. Wako wanaoogopa kusema kwa kudhani kwamba mkimbizi hana haki ya kuuliza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kupata kazi, na inamruhusu kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mzee wetu mmoja kutoka Kivu, mlinzi, alipoambiwa hivyo aliuliza mara mbili kama kweli imeandikwa. Imeandikwa, Mzee.

Tuseme na makosa yetu. Wako miongoni mwetu wanaopewa mkebe kazini ukaishia kwenye baiskeli ya nyumbani au kwenye cherehani ya mke. Wako wanaolipiga kufuli kwa jiwe mbele ya mgeni ili waonekane mafundi. Wako ambao wameona ufunguo umepinda wiki mbili kabla haujavunjika wakanyamaza, kwa sababu zamu ilikuwa inakwisha na tatizo lingemwangukia mwingine. Mlinzi wa zamu ya usiku anamwachia wa mchana, wa mchana anamwachia wa usiku, na ufunguo unaendelea kupinda katikati yao. Mtu wa namna hiyo tutamtetea akikatwa mshahara kinyume cha sheria, lakini hatutamsifu.

Tunachowadai waajiri wa Mbarara na wa makazini hakina ugumu. Kila bohari, bweni na geti liwe na mkebe mmoja wa spreyi ya kupenya kwa ajili ya kuamsha, na mmoja wa spreyi kavu kwa ajili ya matunzo, vikae ofisini na viandikwe kwenye daftari vikitoka na vikirudi. Makufuli ya nje yaoshwe mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Agosti kabla ya mvua kubwa na tena Februari kabla ya zile za Machi, na saa za kazi hiyo zihesabiwe kuwa saa za kazi. Liwepo kufuli la akiba. Katika kitabu cha zamu, pale tunapoandika hali ya taa na ya uzio, iongezwe safu ya hali ya kufuli na ufunguo. Mlinzi akiandika mara ya kwanza kwamba ufunguo unakaza, tangu dakika hiyo ufunguo huo ni wa mwajiri hata ukivunjika mkononi mwa mlinzi.

Safu hiyo ndiyo ingemwokoa mwenzetu wa bohari ya mahindi. Alikuwa amekwisha sema mara tatu kwa mdomo. Karani anakumbuka mara moja, dereva anakumbuka mara mbili, na bwana mkubwa hakumbuki kabisa.

Kwenye mkutano ujao wa tawi tutaweka meza mlangoni, penye upepo, na mwenzetu aliyefanya kazi ya ufundi wa vitasa Bukavu miaka mingi atatuonyesha namna ya kuosha. Kila mmoja aje na kufuli lake lililo gumu kuliko yote, pamoja na ufunguo wake. Tafadhali liwe limekwisha funguliwa. Mara iliyopita mtu alileta kufuli likiwa limefungwa kwenye kipande cha geti.